Marahaba Zisizo Zangu

Redioni nilikuwa mwanamke aliyekwisha kuzika mume na kulea wajukuu. Nyumbani kwangu Sofu, Kibaha, nina miaka thelathini na minne, mume wa kuzika sina, na mjukuu nitampatia wapi. Tofauti hiyo ilinilisha miaka mitatu, kisha ikanitia aibu mbele ya kijiji kizima.

Mambo yalianza kwa mzaha. Kipindi chetu cha asubuhi kilikuwa na sehemu ya ushauri, na mama mtu mzima aliyekuwa akiiendesha aliacha kazi ghafla, akahamia kwa mwanawe mkoani. Bosi akatutazama wote tuliokuwa mezani. Mimi, kwa kuchekesha tu, nikaiga sauti ya mama yangu anavyomsuta mteja asiyekuja kuchukua nguo zake. Mama ni fundi cherehani, na sauti yake ni nzito kidogo, ya puani kidogo, na huvuta maneno mwishoni kama mtu mwenye siku nzima ya kupoteza. Bosi hakucheka. Alisema, "Kesho saa mbili uwe umeshakaa." Kesho yake akazaliwa Shangazi.

Shangazi alikuwa na sheria moja tu: hana mkubwa wake. Kila anayepiga simu ni mdogo wake au mwanawe. Watu wakisema, "Shikamoo Shangazi," yeye hujibu ile marahaba ndefu ya mtu aliyekalia kiti chenye mto. Sikuona kosa. Niliihesabu kuwa kazi kama kazi nyingine, na saa nne nilikuwa nimekwisha kumvua Shangazi, niko kibandani nakula chipsi mayai.

Kwa sura yangu mwenyewe nilikuwa mtu wa shughuli. Mtangazaji akishajulikana kidogo huku Pwani hana tena Jumamosi yake. Nimekata utepe wa matundu ya vyoo vya shule. Nimepanda mti mtaa wa Picha ya Ndege, kwenye shimo lililochimbwa tayari, na mwaka uliofuata nikapanda mwingine kwenye shimo lile lile. Nimewahi kukabidhi katoni ya sabuni tukiwa watu tisa, kila mtu ameshika kona yake kwa ajili ya picha, na katoni ina kona nane. Mimi ndiye niliyeshika hewa. Sisemi haya kwa kukebehi. Sabuni ile ilifua, na watoto wa vyoo vile hawaendi tena porini. Nasema tu kwamba kutenda wema mbele ya kamera kuna vichekesho vyake, na anayekaa kiti cha mgeni rasmi ndiye anayeviona vizuri.

Shangazi naye alialikwa, tena kuliko mimi. Lakini Shangazi alikuwa na miguu. "Miguu inamsumbua," niliwajibu watu kwenye simu, "ila amenituma mimi nimwakilishe." Na mimi nikaenda, nikapokea zawadi zake za mayai na mananasi, nikapeleka salamu za pole kwake, yaani kwangu. Mama alikuwa akila zile zawadi huku akisema kwamba njia ya mwongo ni fupi. Nilimwambia hii yangu ina lami.

Sasa, Kisarawe kulikuwa na bibi mmoja aliyepiga simu kila Ijumaa. Wengine waliniita Shangazi. Yeye peke yake aliniita dada. "Asalaam alaykum. Shikamoo dada." Nami, "Marahaba mdogo wangu, hujambo?" Sauti yake ilionyesha wazi kwamba ameshapita sabini. Mara ya kwanza moyo ulinichoma, maana nilifunzwa nyumbani kama watu wengine. Mara ya pili ulinichoma kidogo. Mara ya tatu Bosi alisema wasikilizaji wanampenda sana yule bibi, basi moyo ukanyamaza wenyewe.

Hakuwa na makubwa. Alizungumza habari za ngedere wanaokula mahindi, mgongo unaouma mvua ikikaribia, na mwanawe mkubwa anayemfokea kuhusu chumvi kwenye chakula. Ijumaa moja ndipo akaja na jambo. Kijiji chao kilikuwa kinatafuta mahali pa kujenga darasa la watoto wadogo, kwa sababu shule iko ng'ambo ya bonde na masika watoto hawavuki. Yeye ana shamba kando ya nyumba, na mwanawe hataki litolewe.

"Niambie weye mkubwa wangu," akasema. "Nitoe nisitoe?"

Bosi, nyuma ya kioo, alininyooshea vidole viwili: dakika mbili, kisha tangazo. Nikavuta pumzi, nikavuta na ile sauti. "Toa mdogo wangu, toa. Shamba huachwa duniani, thawabu utakwenda nazo." Tangazo la rangi za nyumba likaingia. Nakumbuka nilijisikia vizuri sana jinsi sentensi ile ilivyokaa, hata nikairudia garini.

Baada ya wiki chache mwenyekiti wa kijiji alinipigia. Siku ya makabidhiano imepangwa, turubai limeshakodiwa. Wanamtaka Shangazi mwenyewe. Nikaanza wimbo wangu wa miguu, akanikatiza kwa adabu. "Mheshimiwa, bibi amesema hatii dole gumba kwenye karatasi mpaka dada yake awepo amwone. Na mwanawe anasubiri hilo hilo, asitie."

Hapo nikaona nilipofika. Shangazi asipokwenda, darasa hakuna, na watoto wale watakaa nyumbani masika nyingine. Nikienda mimi, bibi atajua kwamba aliyemwita mkubwa wake ni mdogo kuliko watoto wake, na mwanawe atapata sababu ya kuchana karatasi. Sikulala usingizi wa maana. Asubuhi nikapata wazo ambalo mtu mwenye akili angelifikiria tena.

Nilimkuta mama kwenye cherehani, pini mdomoni. Nikamweleza. Akatoa pini moja moja.

"Sauti yangu umeitumia miaka mitatu, hata asante sijaisikia. Sasa unataka na mwili?"

"Siku moja tu, mama. Utakaa, utapunga mkono, utasema asanteni."

"Na wakiniomba ushauri?"

"Useme miguu inauma."

"Miguu yangu mizima, usiniitie maradhi." Akakanyaga pedali, akashona upindo mzima bila kunitazama. Halafu akasema, "Huyo bibi ana umri gani?"

"Sijui. Mtu mzima mtu mzima hivi."

Hilo nalo lilikuwa uongo, maana nilijua. Lakini mama hajawahi kuwa mgeni rasmi, na ana kitenge alichokuwa amekishona kwa ajili ya harusi iliyovunjika. Kitenge kilimshinda nguvu.

Tukaondoka Jumamosi asubuhi na gari la redio, nyuma tumejaza mikeka, sufuria kubwa ya uji na vitabu vya picha nilivyochangisha kwa wasikilizaji. Tulipopita Soga treni ya umeme ilikatiza mbele yetu, kufumba na kufumbua imekwisha. Mama aliipungia mkono. Nilimuuliza anamjua nani humo, akasema anafanya mazoezi. Tulicheka mpaka tukaingia upande wa Kisarawe, barabara ya vumbi, na mimi nikajidanganya kwamba jambo linaloanza kwa kicheko haliwezi kwisha vibaya.

Kijiji kilikuwa kimejiandaa. Meza ya kitambaa, maua ya plastiki, maji ya chupa, spika mbili ndefu, na mshereheshaji mwenye suti ya kijani aliyesema itifaki imezingatiwa kabla hata hatujashuka. Mama alipotoa mguu wa kwanza garini, vigelegele. Alipofungua mdomo na kusema "Asanteni," kwa ile sauti, sauti yake halali ya kuzaliwa nayo, wanawake walipiga makofi wakaambiana ndiye, ndiye kabisa. Mimi nilitembea nyuma nimebeba mkoba wake. Kwa dakika tano nzima nilijiona mtu mwenye akili nyingi.

Kisha bibi akaja.

Alipita katikati ya viti, mdogo wa umbo, mkavu, amevaa kanga mpya ambazo bado zina mkunjo wa dukani. Mshereheshaji akamfuata na maikrofoni, ili wananchi wafaidi. Bibi alifika mbele ya mama, akainama, akapiga goti kwa shida, akishika ukingo wa meza.

"Shikamoo dada."

Mama ana miaka sitini na moja. Alimtazama mwanamke aliyepiga goti mbele yake, macho yenye ukungu, mikono iliyojaa mishipa, mtu wa rika la marehemu mama yake aliyekuwa akimfinya paja kila aliposahau kuamkia. Niliona midomo yake ikijaribu kusema lile neno. Niliona ikishindwa. Mama akainuka mzimamzima, kitenge na kilemba, akashuka chini kwa magoti yote mawili.

"Shikamoo mama."

Ilitoka kwenye spika zote mbili. Sauti ya Shangazi, inamwamkia bibi.

Bibi akauliza polepole, "Weye ndiye dada?"

"Mama, mimi ni fundi cherehani," mama akasema. "Mwenye maneno ni huyu hapa." Akaninyooshea kidole. Aliniuza papo hapo, wala hakusubiri bei.

Nikachukua maikrofoni, nikakiri. Bibi hakuamini. Akataka nizungumze kama dada. Basi mbele ya watu wote, na rangi yangu ya mdomo, nikasema, "Toa mdogo wangu, toa." Watoto ndio walioanza kucheka, kisha wakubwa, kisha turubai zima. Aliyebaki amekunja uso ni mwanaume wa miaka hamsini na kitu, kofia ya kiua kichwani, aliyesimama pembeni. Yule ndiye mwanawe.

"Mama unaona?" akasema. "Umeamrishwa na mtoto."

Bibi alikuwa ananitazama mimi.

"Una miaka mingapi?"

"Thelathini na minne, bibi."

"Kitinda mimba wangu ana arobaini na miwili. Kila Ijumaa nimekuamkia."

"Ndiyo bibi."

"Na ukaitikia."

"Ndiyo bibi."

"Shikamoo zangu nirudishie."

Watu wakaangua kicheko kipya. Mshereheshaji alidhani ni sehemu ya ratiba, akasema makofi kwa bibi. Lakini bibi hakuwa anatania, na mimi nilikuwa karibu vya kutosha kuliona hilo. Nikapiga magoti kwenye mchanga na gauni langu jeupe.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba. Nyingine."

"Shikamoo bibi."

"Marahaba. Nyingine."

Watoto wakaanza kuhesabu kwa sauti. Mahali fulani kwenye kumi na mbili nikaacha kusikia vicheko. Aibu ilinipanda mpaka masikioni, na ilikuwa aibu yangu halali, hakuna aliyenibandika. Kwenye ishirini bibi aliinua mkono.

"Pumzika. Zilizobaki tutazungumza. Njoo nikuonyeshe shamba, maana hulijui."

Akanishika kiganja kama mtoto anayepelekwa kuoga, tukazunguka nyuma ya nyumba. Mwanawe alitaka kutufuata, bibi akamwambia aangalie wageni.

Mikorosho ilikuwa imetoa maua. Kamati ilikuwa imeshapigilia vigingi vya mpaka, na ndani ya vigingi niliona mikorosho minane. Bibi alipita akiigusa mmoja mmoja. "Huu ni sukari," alisema. "Huu ni nguo za Idi. Huu ni mafuta ya taa, ila siku hizi tuna umeme, basi ni umeme. Hii minne hospitali. Huu wangu mwenyewe, wa kununua ubani na vijambo vyangu." Hakusema kwa kunihukumu. Alikuwa anatambulisha, kama mtu anavyotambulisha ndugu kwa mgeni.

Nilitaka ardhi ipasuke. Miaka yote nimegawa sabuni na mikeka ya kuchangiwa na watu, nikaitwa mwenye moyo wa kutoa. Kumbe zawadi kubwa kuliko zote niliyowahi kutoa ilikuwa mikorosho minane ya bibi wa watu, na niliitoa kwa dakika mbili, tangazo la rangi likinisubiri.

"Haya," akasema, akakaa kwenye gogo. "Sasa niambie kwa sauti yako. Nitoe nisitoe?"

Nikafungua mdomo. Mimi ambaye naweza kuzungumza saa tatu mfululizo bila karatasi, nikapata maneno mawili tu.

"Sijui, bibi."

"Dada alijua."

"Dada alikuwa hajaiona mikorosho."

Akacheka kidogo, mara ya kwanza siku ile. Nikapata ujasiri wa kuuliza kuhusu kipande chake cha pili nilichokiona ng'ambo ya vigingi, kule kwenye mihogo, kama hakifai kujengwa. Akasema kinafaa sana, kina mwinuko tu, na kamati wanataka tambarare kwa sababu hawapendi kuchimba.

"Kwani ulikuwa unajua?" nikauliza.

"Shamba langu mwenyewe nisilijue? Kutoa nilishaamua kabla sijakupigia. Na pa kutoa nilikuwa napajua. Dada uliposema toa toa, kamati wakasikia redioni, wakaja na vigingi hapa penye mikorosho. Nikasema basi, mkubwa ameshasema."

"Sasa bibi, kama ulishaamua, ulinipigia kwa nini?"

Huko mbele mshereheshaji alikuwa anawaomba radhi wananchi kwa kuchelewa kwa ratiba.

"Dada yangu ndiye aliyekuwa wa mwisho," akasema. "Alipokwisha kufa yeye, kijiji hiki chote mkubwa nikawa mie. Nikitoka hapo mlangoni mpaka kisimani, marahaba, marahaba, marahaba. Kazi yangu ndiyo hiyo. Sina ninayemwamkia. Likinikwama jambo, wote wananitazama mie. Ndipo nikakusikia redioni, unasema kama yeye, unavuta maneno kama yeye. Basi Ijumaa nikawa mdogo wa mtu."

Nilikuwa nimerudisha shikamoo ishirini nikidhani nimemwibia heshima yake. Kumbe heshima alikuwa nayo tele, imemchosha. Nilichokuwa nimempa ni dada, na asubuhi ile nimekuja kumnyang'anya mbele ya majirani. Nililia, nasema wazi, na yeye akanipa ncha ya kanga yake mpya nijifute.

Tuliporudi aliomba maikrofoni. Hakuhutubia. Alisema darasa litajengwa kwenye mihogo, mwenye kuogopa jembe akae nyumbani. Kamati wakatazamana, wakakubali. Mwanawe alisimama kidogo, kisha akaenda mwenyewe nyuma ya nyumba, akang'oa vigingi, akavipeleka upande wa pili, na nadhani ndiyo ilikuwa njia yake ya kusema sawa. Bibi akatia dole gumba. Mama, wakati sisi tunalia kwenye mikorosho, alikuwa amekula pilau sahani mbili na kuwapima wanawake watatu magauni kwa kamba ya katani.

Ijumaa iliyofuata Shangazi alistaafu. Niliwaeleza wasikilizaji ukweli kwa sauti yangu, Bosi akanuna, simu zikamiminika, wengine wakinitania na wengine wakinitukana kwa haki yao. Katikati ya simu hizo akaingia bibi. Nilimwahi hata kabla ya salamu yake.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba," akasema upesi, kama mtu aliyeitikia tangu alfajiri. Akanipa habari za msingi wa darasa, wameshaanza kuchimba, wanalalamika. Akamuulizia mama. Kisha akashusha sauti.

"Dada yupo?" akauliza.

Nilitazama kioo. Bosi alikuwa ananionyesha vidole viwili. Nikamwashiria aingize tangazo sasa hivi, nikazima maikrofoni, nikabaki na simu sikioni.

"Yupo, bibi."

"Niitie, mara moja tu."

Nikakohoa, nikaishusha sauti, nikaivuta.

"Shikamoo dada," akasema.

Nikaitikia.